Redio Inayopumzishwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kinasa alifagia nywele. Baba yake alikuwa kinyozi, na saluni yao ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Kulikuwa na viti viwili vya kuzunguka, kimoja kizima na kingine cha kubembelezwa, maana mteja akikikalia vibaya kilimlaza chali. Kulikuwa pia na kioo kirefu chenye ufa pembeni, na juu ya rafu, katikati ya kopo la poda na chupa ya spiriti, redio nyeusi. Jina la Kinasa hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja, kwa sababu binti huyu akilisikia jambo mara moja tu lilikuwa limenasa, na angeweza kulirudia neno kwa neno pamoja na kikohozi cha msemaji.

Kipaji hicho kilimpa cheo shuleni. Kila Ijumaa, wanafunzi wakiwa mstarini, yeye ndiye aliyesoma habari za wiki. Alipanda ngazi ya ofisi, karatasi mkononi, na shule nzima ikanyamaza, hata wale wa darasa la saba waliojiona wakubwa. Hakuna kitu Kinasa alichokipenda kama ukimya ule.

Habari zenyewe alizitoa kwenye redio ya baba. Kila siku asubuhi, mchambuzi mmoja mwenye sauti nzito, ambaye wateja walimpachika jina la Radi, aliishika serikali na polisi akawachambua mpaka ukawaonea huruma. Baba alimpenda Radi kupita kiasi. Radi akimaliza, mtangazaji alisema, "Na sasa tuusikie upande wa pili," na hapo kidole cha baba kilikuwa kimeshafika kwenye swichi.

"Tuipumzishe redio," alisema baba. "Imechoka, maskini."

Wateja walicheka. Walicheka kila siku, na kila siku redio ilichoka palepale.

Ijumaa moja Radi aliwaka kuliko kawaida. Jana yake polisi walikuwa wamewaondoa wachuuzi kwenye barabara ya soko, na katika purukushani hiyo fundi viatu mmoja alivunjwa mkono. "Hawa si askari," alinguruma Radi. "Hawa ni fisi waliovalishwa sare. Wamemvunja mkono mzee wa watu, akiwa na sindano na soli ya kiatu, basi." Mteja aliyekuwa kitini alitikisa kichwa kwa uchungu mpaka baba akasimamisha mashine asije akamnyoa sikio.

"Na sasa tuusikie upande wa pili," akasema mtangazaji. "Tunaye kwenye simu afande aliyekuwapo..."

Tak. Redio ikapumzishwa.

Kinasa aliandika haraka haraka huku akivaa viatu. Aliandika fisi, aliandika sare, aliandika mkono. Kisha akaona habari yake inahitaji mwisho mzuri, mwisho wa kuwafanya watu watoe macho. Akaandika: "Polisi walipoulizwa, walikataa kusema lolote." Alijua kulikuwa na mtu kwenye simu. Lakini sentensi ile ilikuwa tamu, na kengele ya shule ilikuwa inakaribia kugongwa.

Mstarini, aliposoma neno fisi, watu waliguna. Aliposoma sentensi ya mwisho, wote wakaguna kwa pamoja, na Kinasa akashuka ngazi kichwa kimemvimba.

Alisahau jambo moja tu. Rafiki yake wa chanda na pete, aliyeketi naye dawati moja, alikuwa mtoto wa askari. Walimwita Twiga kwa urefu wake, na hakuna asiyemjua mama yake, kwa kuwa alikuwa askari mwanamke wa pekee katika kituo chao.

Mapumziko yalipofika, wakubwa walimzunguka Twiga. "Fisi wako hajambo?" mmoja aliuliza. "Leo amekula mkono wa nani?" Donge la tope likarushwa, likatua kwenye sketi yake, kisha la pili kwenye nywele. Kinasa alisimama karibu na bomba la maji. Hakucheka, lakini pia hakusogea.

Twiga alimfuata hadi pale bombani. Aliosha nywele zake polepole kabla ya kusema.

"Mama alizungumza," alisema. "Kwenye redio hiyohiyo yenu. Kwa nini umesema alikataa?"

"Mimi nimesoma nilichosikia," Kinasa alijibu, na sauti ikamsaliti.

Twiga aliokota mkoba wake akaenda zake. Jumatatu dawati lilikuwa na mtu mmoja. Mtu fulani alikuwa ameandika FISI kwa chaki upande wa Twiga, na Kinasa alilifuta kwa mkono wa sweta. Mwalimu wa darasa alisema kwa ufupi kwamba mama yake Twiga alikuwa amemwombea binti yake uhamisho, na kwamba Ijumaa asubuhi angekuja kuchukua barua. Ijumaa Twiga angeondoka shuleni, na aliyemfukuza ni yeye, kwa sentensi moja aliyoibuni akivaa viatu.

Alasiri ile alikwenda nyumbani kwa kina Twiga. Mama yake Twiga alikuwa akipiga pasi shati la sare, mlango ukiwa wazi. Kinasa alisimama kizingitini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia, mwanangu, mlango haung'ati."

Twiga aliyekuwa pembeni alinyanyuka akaingia chumbani. Kinasa alijikaza akamuuliza mama alisema nini kwenye redio siku ile. Mama yule aliisimamisha pasi.

"Nilisema tulitumwa kuondoa meza zilizoziba barabara," alisema. "Nilisema vijana wachache walirusha mawe, mwenzangu akapasuka kwenye paji la uso. Halafu nikasema askari mmoja wa kwetu alimpiga rungu fundi viatu aliyekuwa amekaa zake tu, kwamba lile ni kosa, na kwamba nimemwomba yule mzee radhi."

"Ulisema hivyo redioni? Kwamba ni kosa?"

"Nilisema. Kwenu hamkusikia kwa sababu mnazozijua nyinyi. Na ile redio nyingine, inayoisifu serikali hata mvua ikinyesha, jioni yake wakanirusha tena. Mawe wakayaweka, rungu wakalikata. Sasa mkuu wangu, aliyeisikia yote, ananiita msaliti, na mtaani mimi ni fisi." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Maneno yangu yamekatwa kichwa huku na miguu kule."

Kinasa aliinamisha uso. Roho ilimsuta hata akashindwa kuomba msamaha aliokuja nao.

"Usiniamini kwa sababu nimekukaribisha vizuri," mama yule aliongeza, akishika pasi tena. "Mimi ni askari, naweza kuwatetea wenzangu. Fundi viatu yupo. Nenda kamuulize."

Fundi viatu alikuwa kwenye baraza ya duka moja, mkono wa kushoto umefungwa plasta, kiatu amekibana kwa magoti, anakishona kwa mkono mmoja na meno. Alipomsikia Kinasa anachotaka, aliutema uzi.

"Nilipigwa," alisema. "Hilo usilipunguze hata kidogo. Nilikuwa nimekaa kama nilivyokaa sasa."

"Sitalipunguza, babu. Na mawe?"

Mzee alikipekua kiatu kana kwamba jibu liko ndani. "Yalirushwa," alisema mwishowe. "Kabla. Lakini usiniulize na nani, nakaa nao mtaa mmoja."

"Hukuwaambia watu wa redio?"

"Nani aliuliza? Alikuja mmoja, akataka mkono tu. Nilipomwambia afande mwanamke ndiye aliyenifunga mkono kwa leso yake akanipeleka hospitali, akazima kinasa sauti chake. Akaja mwingine, yeye akataka mawe. Nilipomwonesha plasta, naye akazima." Alimwangalia Kinasa juu ya miwani. "Na wewe utazima wapi?"

Kinasa alisema hatazima.

Kazi ilikuwa nyumbani. Alhamisi jioni, baba akifuta viti, Kinasa alimweleza kwamba kesho angesahihisha habari yake mbele ya shule. Baba aliacha kufuta.

"Unataka kuwaosha polisi?"

"Hapana, baba. Nitasema fundi alipigwa. Nitasema na yaliyobaki."

"Yaliyobaki," baba alirudia. Sauti yake ilikuwa chini, na hiyo ndiyo iliyomtisha Kinasa, maana baba hakuwa mtu wa sauti ya chini. Alikipiga kofi kiti kibovu, nacho kikajilaza. "Unajua nani alikivunja hiki? Kabla hujazaliwa nilikuwa na kibanda kando ya barabara. Askari walikuja asubuhi, nikiwa na mteja mwenye povu kidevuni. Mmoja akakipiga teke mpaka shingo ikakatika. Nimekibembeleza miaka yote hii kwa sababu ndicho kiti nilichoanzia kazi. Na mpaka leo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniambia, kinyozi, tulikukosea."

Kinasa hakuwahi kuijua habari ile. Alimwonea baba uchungu, na kwa muda aliona ni afadhali anyamaze. Lakini kesho Twiga angeondoka.

"Baba, huyu alisema," alisema. "Alisema redioni, watu wote wakisikia, kwamba ni kosa. Akaomba radhi. Ndiyo sehemu uliyoizima."

Baba alisimama na kitambaa mkononi. Alitazama redio, akatazama kiti kilicholala chali. Kisha akaanza tena kufuta, sehemu ileile aliyokwisha kuifuta. Kinasa alikwenda kulala bila kujua kama amekatazwa au ameruhusiwa.

Asubuhi Kinasa alipanda ngazi ya ofisi, karatasi mkononi. Mwalimu wa zamu, aliyeambiwa mapema, alikuwa amemwonya kwamba atazomewa, kisha akamwambia apande tu. Ng'ambo ya mistari, kwenye geti, Kinasa aliwaona watu wawili: Twiga akiwa na nguo za nyumbani, na mama yake ndani ya sare. Walikuwa wamekuja kuchukua barua.

"Wiki iliyopita nilisema polisi walikataa kusema," Kinasa alisoma. "Si kweli. Afande alizungumza. Mimi sikumsikia kwa sababu redio ilizimwa, nami nikaziba pengo kwa maneno niliyoyatunga."

Minong'ono ilianza. Alisoma kuhusu mawe na paji la uso lililopasuka, na hapo zomeazomea ikazuka kutoka mstari wa darasa la saba. "Umehongwa nini?" mmoja alisema. Alisubiri kelele zipungue, akasoma kuhusu rungu: kwamba fundi viatu hakuwa na kosa, kwamba aliyempiga ni askari, na kwamba askari mwenzake amekiri hivyo hadharani. Waliokuwa wakizomea walipungua, kwa kuwa hawakujua tena wamzomee nani.

"Na neno fisi halikuwa habari," alimalizia. "Lilikuwa hasira ya mchambuzi. Mimi nililisoma kama habari, na rafiki yangu akapigwa tope. Twiga, nisamehe. Na afande, nisamehe."

Shule ilinyamaza. Safari hii Kinasa hakuupenda ukimya ule. Alitamani mtu aseme chochote. Getini, mama aliinama akamwuliza mwanawe jambo. Twiga alitikisa kichwa. Kisha akakata uwanja na nguo zake za nyumbani, akapita mbele ya watu wote, akajipanga nyuma ya darasa lao, mahali pa warefu. Mama yake alisubiri kidogo, akageuka akaenda kazini bila barua.

Darasani, Twiga alikaa upande wake wa dawati. "Sijakusamehe vizuri," alinong'ona.

"Najua."

"Niazime kalamu yako."

Jumatatu, Kinasa akiwa na fagio lake, saluni ilikuwa imejaa. Radi aliongea, akanguruma, watu wakaitikia. Kisha mtangazaji akasema yale maneno yake ya kila siku, na kidole cha baba kikaenda kwenye swichi kwa mazoea. Kikagusa. Kikabaki hapo.

"Ipumzishe bwana," alisema mteja. "Imechoka."

"Redio haijachoka," baba alijibu. "Tuliochoka ni sisi, tunaosikia nusu halafu tunaapa tumesikia yote."

"Kwa hiyo sasa unawaamini hao?"

"Sijasema namwamini mtu. Radi ana haki ya kuuliza, na anauliza vizuri. Serikali ikikosea isemwe, askari akipiga mtu asemwe." Baba alimgeukia binti yake, mashine ikiwa bado mkononi. "Lakini sikia, mwanangu. Mwenye kutoa maoni anakuuzia hasira yake au furaha yake, hata kama ana haki. Msikilize, halafu msikilize na mwenzake, halafu uende ukamuulize aliyekuwapo. Mimi miaka yote hii nimengoja askari mmoja aseme tulikosea. Amesema, nyumbani kwangu, kwenye redio yangu, na mimi nikamzima."

Alikiinua kile kiti kibovu, akakikalia kwa uangalifu kisije kikamlaza, na akaisikiliza redio mpaka mwisho wa kipindi.