Mkate Wenye Alama ya Meno

"We kaka! Hebu geuza huo mkate. Kwenu hamna adabu?"

Taalai aliduwaa, simu sikioni. Alikuwa katikati ya soko la Jayma, mjini Osh, akimsomea mhariri wake habari za askari wanaolinda mpaka kwa buti zilizotoboka, na bila kujijua alikuwa ameulaza mkate kifudifudi juu ya meza ya muuzaji. Muuzaji mwenyewe alivaa koti la kijani na kitambaa chekundu kichwani, mashavu yamemwiva kwa baridi na hasira.

"Nisamehe, dada. Nilikuwa kazini."

"Kazi gani hiyo ya kugombana na simu?"

"Naandika habari za vita. Zamani nilikuwa mwanajeshi, sajini."

"Ahaa! Ndiyo maana. Mwanajeshi anajua kuula mkate tu, kuuheshimu hajui."

Akacheka, Taalai naye akacheka, mhariri akabaki peke yake hewani, "Haloo? Haloo?" Jina la muuzaji lilikuwa Begimai. Siku hiyo Taalai alinunua mikate minne, ilhali aliishi peke yake.

Kesho yake akarudi, na keshokutwa. Simu nazo zikaanza.

"Sajini wangu, umekula?"

"Nimekula mkate."

"Na nini?"

"Na kukukumbuka."

"Acha zako! Kukumbuka hakushibishi."

Begimai aliipenda hata kalamu yake. Taalai alikaa jeshini miaka kumi na miwili, akaacha vidole viwili mpakani, na sasa kila wiki aliwaandama wakubwa gazetini: kuruta asipigwe, vifaa vikaguliwe, msema kweli asifukuzwe. "Waandame, mpenzi," Begimai alimwambia. "Wakiziba masikio, andika kwa herufi kubwa."

Majira ya machipuko yalipofika, gazeti likamtuma tena mpakani. Begimai akampeleka nyumbani kwao kuaga. Mama mtu aliwawekea chai, na Begimai akammiminia Taalai nusu kikombe.

"Nusu tu? Uchoyo huo!"

"Nusu ni ya mgeni anayetakiwa kukaa. Nikikijaza, ujue nakufukuza."

Kisha akamletea mkate wa moto. "Ng'ata mara moja." Ndivyo wafanyavyo kwao: aendaye vitani hung'ata mkate, ukatundikwa ukutani kumngoja arudi aumalize. Taalai akang'ata huku wakicheka wote, Begimai akapanda kigoda akautundika. Kando yake palikuwa na mwingine, wa kijivu kwa ukavu, una alama moja ya meno. Chini yake palikuwa na picha ya kijana.

"Mdogo wangu, Adilet," alisema taratibu. "Risasi ilimpata pajani. Mama hataki uteremshwe."

Taalai akaisoma namba ya kikosi chini ya picha, akairudia tena. Ghala la kikosi kile lilikuwa mikononi mwake, mwaka wake wa mwisho jeshini. Visanduku vya huduma ya kwanza alivipokea kwa saini bila kufunua hata kifuniko kimoja, kama walivyofanya masajini wote kabla yake. Ndani, mipira ya kufungia jeraha ilikuwa imeoza. Alisikia kwamba askari mmoja alivuja damu hadi akafa kwa sababu hiyo, na aibu ndiyo iliyomtoa jeshini ikamtia uandishini. Jina la askari yule hakuwahi kuliuliza.

"Vipi, Taalai?"

"Mkate umenikwama," alisema.

Huko mpakani alikaa wiki nzima na karatasi, akaandika yote: ghala, vifuniko, saini yake. Haiwezekani kila siku kuwasuta majenerali na wewe umejificha nyuma yao. Makala yalikuwa yatoke Ijumaa. Alhamisi adhuhuri akapiga simu.

"Begimai, kuna jambo..."

"Subiri kwanza, nicheke! Mama anakufumia soksi. Anasema miguu ya mwanawe isipate baridi. Mwanawe, umesikia? Haya, jambo gani?"

"Hamna. Nilitaka tu kusikia sauti yako."

Loo, Taalai! Hapo ndipo alipojipoteza. Kalamu ilikuwa na ushujaa, ulimi haukuwa nao.

Ijumaa Begimai akapiga mwenyewe.

"Sajini wa ghala lile ni wewe?"

"Ni mimi. Jana nilitaka kukwambia..."

"Jana ulitaka kusikia sauti yangu."

"Niliogopa kukupoteza."

"Umeiambia nchi nzima, Taalai. Mimi nimesomewa na mteja, kwa sauti, mama amesimama ubavuni mwangu na trei mkononi." Akakata.

Miezi miwili baadaye jeshi likatoa amri: kisanduku hakitiwi saini mpaka kifunguliwe mbele ya askari wenyewe watakaokibeba. Watu wakampigia Taalai kumpongeza. Aliwaitikia kwa adabu, moyoni hana raha, kisha akarudi Osh, moja kwa moja sokoni.

Begimai hakushangaa kumwona. Alifunika mikate yake, akamwongoza hadi mkahawa wa ng'ambo ya barabara, akaagiza buli la chai. Kutoka mkobani akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa, mkate ule aliong'ata.

"Mama ameisikia amri?"

"Ameisikia. Alisema, basi watoto wa wenzangu watapona. Kisha akalia."

"Nisamehe, Begimai."

"Sajini aliyetia saini nimemsamehe, alifanya kama wenzake. Lakini yule aliyenipigia simu Alhamisi, nikamchekea, akanyamaza... yule siwezi kumngoja tena. Kila akisafiri nitajiuliza ni nini hajaniambia."

"Nipe muda basi, mpenzi."

"Kula, Taalai. Umerudi mzima, lazima uumalize. Ukuta wetu una mkate mmoja unaongoja, na unatutosha."

Mkate ulikuwa mgumu kama tofali. Akauchovya kwenye chai, akatafuna, akauchovya tena, machozi yakimtoka bila kuyafuta. Begimai naye alilia, lakini hakumzuia. Taalai alipookota chembe ya mwisho mezani na kuitia kinywani, Begimai akainua buli, akammiminia chai polepole mpaka ikafika ukingoni mwa kikombe.