Maneno Niliyoyakata

Kila Jumatano saa kumi na mbili jioni ni zamu ya wanawake katika sauna, chumba cha kuogea mvuke cha jengo letu. Sauna iko chini kabisa, karibu na chumba cha baiskeli. Wanawake tuko saba, lakini wasiokosa ni wawili tu: mimi na Outi Kettunen wa ghorofa ya tatu. Mimi naitwa Pirkko. Nina miaka sabini na moja na mdomo wangu hauna breki, kwa hiyo acha nisimulie mwenyewe.

Outi anasafisha meno ya watu kwenye kliniki. Mumewe, Jarno, ni fundi wa mashine kiwandani. Wameoana miaka kumi na nne. Jarno ni mtu mwema. Theluji ikianguka anaifuta kwenye gari langu bila kuombwa. Ila kusema, hasemi. Kwetu mwanamume akisema sentensi tatu kwa siku watu wanauliza kama anaumwa. Jarno hata hizo tatu hafikishi.

Jumatano moja Outi alikaa benchi la juu. Hakumwaga maji kwenye mawe ya moto. Nikamwaga mimi, mvuke ukapanda, naye akaanza kulia.

"Bi Pirkko, nimefunga begi," alisema. "Ijumaa naenda Oulu kwa dada yangu. Sijui kama nitarudi."

"Jarno kakupiga?"

"Hapana. Hajawahi."

"Ana mwanamke?"

"Afadhali angekuwa na mwanamke, ningejua la kusema."

Akanieleza. Tangu majira ya baridi Jarno alikuwa anaangalia tamthilia moja kwenye televisheni. Ndani yake mume na mke wanakwenda kwa mume na mke wengine, kwenye nyumba ya ziwani. Usiku wanabadilishana wenzi. Asubuhi wote wanne wanakula uji na kucheka. Baadaye Jarno akaanza kutazama filamu za watu wazima kwenye simu, za mambo hayo hayo. Outi alijua, akanyamaza.

Kisha Jarno akasema, "Jumamosi tunakwenda ziwani kwa watu fulani." Outi akafurahi. Akapanga hata keki ya kupeleka. Jumanne simu ya Jarno ikawaka mezani. Ulikuwa ujumbe wa mwanamke anayeitwa Heli. Uliandikwa hivi: "Karibuni. Tumefurahi kwamba nyote wawili mnataka kujaribu kubadilishana. Mkeo anakula samaki?"

"Ananiuliza kama nakula samaki," Outi alisema. "Yule hanijui, na bado kauliza jambo moja kunihusu. Mume wangu hajaniuliza hata hilo."

"Ulimwambia umeuona?"

"Sikumwambia kitu. Nimefunga begi."

Nilimtazama. Huyu kanyamaza, yule kanyamaza, na nyumba inavunjika kimya kimya.

"Labda kasoro ni yangu," alisema. "Kule kwenye tamthilia wanawake wote wanakubali. Wanacheka tu. Labda mimi ni wa kizamani."

Hapo roho iliniuma, kwa sababu mambo hayo nayajua. Miaka thelathini na moja nilifanya kazi Helsinki ya kukata na kuunganisha filamu. Nilikata tamthilia za televisheni. Kazi ilipokuwa haba nilikata filamu za watu wazima. Watazamaji wanajua kilichobaki. Mimi najua kilichotupwa.

"Nipe ruhusa niongee naye," nilisema.

Alifikiri kidogo. "Ongea naye. Ila usimtukane."

"Hilo siahidi."

Alhamisi, Jarno alipotoka kiwandani, nilimwita jikoni kwangu. Nilimimina kahawa, nikakata mkate wa iliki.

"Outi ameuona ujumbe wa Heli," nilimwambia. "Amefunga begi."

Alirudisha kikombe mezani. "Nilidhani..."

"Malizia. Leo hutoki hapa na nusu sentensi."

"Nilidhani tukifika itatokea yenyewe. Kama wanavyoonyesha."

"Sikiliza, mwanangu. Nitakwambia kuhusu kipande kimoja nilichokata mimi. Kilikuwa cha dakika nne. Kukipiga picha kulichukua saa tisa."

"Saa tisa zote wanafanya nini?"

"Wanaongea. Asubuhi nzima waigizaji wanne walikaa mezani. Kila mmoja alisema anachokubali na asichokubali. Walionyeshana vyeti vya daktari. Hayo nikayakata. Kulikuwa na bwana mmoja, mkewe naye alikuwa mmoja wa hao wanne. Wivu ukamshika, akatoka nje kuvuta sigara dakika arobaini. Nikakata. Katikati ya kazi mwanamke mmoja akasema, 'Basi, sitaki tena.' Watu wote wakasimama. Wakamfunika blanketi, wakampa chai. Hakuna aliyemlaumu."

"Na hilo?"

"Na hilo nililikata. Bosi alisema linaharibu utamu. Kwa hiyo wewe unayetazama unadhani katika nyumba zile hakuna mtu anayesema hapana."

Jarno alitazama mikono yangu. "Kwa nini ulikata?"

"Niliajiriwa kukata. Zamani sikujali. Jana nilimsikia mkeo akisema kasoro ni yake, nikaona aibu."

Akauliza polepole, "Basi mimi ni mtu mbaya?"

"Kuwaza si ubaya. Wanaowaza hayo ni wengi, wake kwa waume, na wengi wao ukiwafungulia mlango watakimbia. Tena wapo wanaoishi hivyo kweli na wameridhika. Nawafahamu wawili. Wanaongea kuliko wabunge. Wewe kosa lako ni kumjibia Outi. Umesema 'ndiyo' kwa mdomo wake."

"Nifanyeje?"

"Muulize. Na jibu lolote atakalotoa, likubali."

Yaliyofuata aliniambia Outi. Jarno alisimama kwenye mlango wa chumba, begi likiwa kati yao.

"Nimekosa," alisema. "Nilikujibia. Naomba radhi." Kisha akauliza, "Ungependa twende kwa Heli?"

"Hapana."

"Sawa."

Outi akasubiri anune. Hakununa. Basi Outi naye akauliza lililokuwa linamla: "Umenichoka?"

Jarno akaegemea fremu ya mlango.

"Sijakuchoka," alisema. "Wale kwenye tamthilia wanatazamwa. Mtu akiingia, mwenzake anainua macho. Mimi nikiingia wewe uko kwenye simu. Nilitaka kutazamwa."

Outi akakaa juu ya begi. "Ungesema."

"Sikujua kama inasemwa."

Jioni ile Jarno alimwandikia Heli ukweli wote. Jibu lilikuja upesi, akamsomea mkewe kwa sauti: "Tulidhani umeshamuuliza. Sisi hatumpokei mtu ambaye hajaulizwa. Msalimie mkeo, na poleni." Outi alishangaa. Watu wenyewe walikuwa na adabu kuliko filamu zinavyowaonyesha.

Ijumaa begi lilikwenda Oulu kama ilivyopangwa. Jarno ndiye aliyeendesha gari. Jumapili walirudi wote wawili.

Sasa ni vuli. Tamthilia ile imerudi na sehemu mpya, na wanaitazama pamoja. Jumatano iliyopita Outi alikuja sauna akicheka.

"Jana walifika pale wanapoingia chumbani," alisema. "Jarno akabonyeza rimoti, picha ikasimama. Akasema, 'Hapa Bi Pirkko amekata.'"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. "Halafu?"

"Halafu akaniuliza, ningekuwa mimi pale ningesema nini. Tukaongea. Kahawa ikapoa, tamthilia hatukuimaliza. Siku hizi mume wangu anaongea hata nikipiga mswaki, nachoka."

"Usiniletee malalamiko ya shibe," nilimwambia. "Na akirudi kazini, akiingia mlangoni?"

Outi akachota maji, akamwaga kwenye mawe.

"Simu naiweka chini," alisema. "Nainua macho. Na yeye anasema, 'Nimefika,' utadhani sijamwona."