Bahasha ya Olmedo

Maiti ilikuwa imefungwa taya.

Hilo ndilo jambo la kwanza Inspekta Gurmeet aliloliona alipoingia kwenye nyumba ile ya mtaa wa Winson Green, Birmingham, Alhamisi saa tatu asubuhi. Kipande cha kitenge cha buluu kilipita chini ya kidevu kikafungwa fundo utosini. Macho yamefumbwa, mikono imelazwa sawa. Kando ya kitanda droo ilikuwa imevunjwa kwa kisu cha jikoni, na kisu chenyewe kimeachwa sakafuni.

Marehemu aliitwa Sylvestre Olmedo, miaka hamsini na tisa, Mkongo wa Fizi. Saratani ya ini. Kufa kwake kulikuwa kunangojewa. Hata yeye mwenyewe alikuwa akingoja.

"Nani amemfunga taya?" Gurmeet aliuliza.

Mireille, binti wa marehemu, alikuwa bado na sare ya kazi ya usiku. "Sijui. Nimemukuta vile. Nikafikiri ni nurse."

"Nurse huja saa nne," Gurmeet alisema, akitazama daftari la nurse kando ya kitanda, na utepe mweupe wa sindano juu yake.

"Basi sijui."

"Kimeibwa nini?"

"Enveloppe tu, bahasha ya maabara. Ilifika samedi, Jumamosi ile."

"Ndani yake?"

"Majibu ya undugu. Damu ya Papa na damu ya Mukuba."

Gurmeet akavuta kiti. Kiswahili chake kilikuwa cha Kisumu, alikoondoka na miaka kumi na minne, na kwa sababu hiyo kila jalada la Wakongo lilitua mezani pake. Akamwacha binti aseme kwa mwendo wake.

Baba yake Sylvestre, alisema Mireille, alikuwa mpiganaji wa Kuba. Walikuja milimani Fizi mwaka sitini na tano kuwasaidia waasi, wakakaa miezi kadhaa, wakaondoka kwa kuvuka ziwa. Mmoja aliacha mimba, na jina. Jina hilo Sylvestre alilibeba hadi kambi ya wakimbizi Kigoma, akalibeba hadi Birmingham, akawapa watoto wake. Alipoambiwa hana miezi mingi, akasema hataki kufa bila kumjua baba yake. Akapatikana mpwa wa huyo Mkuba kule kwao, akatoa mate yake yapimwe pamoja na ya Sylvestre.

"Majibu yalifika. Akasema tutafungua dimanche hii inayokuja, Jumapili, familia yote, tukitoka kanisani. Akafungia ndani ya droo."

"Ufunguo?"

Mireille akaonyesha kwa kidevu. Ufunguo ulikuwa kwenye uzi, shingoni mwa maiti, unaonekana wazi.

Gurmeet akautazama sana. Mlango wa mbele haukuvunjwa, kwa hiyo mwizi ana ufunguo wa nyumba. Mwizi amemwinamia marehemu, amepitisha kitambaa chini ya kidevu, vidole vyake vimepita karibu kabisa na uzi ule. Kisha akaenda jikoni kutafuta kisu.

"Nani mwingine ana ufunguo wa mlango?"

"Tantine Francine tu, dada ya Papa. Lakini yeye alikuwa kwake, mtaa wa Nechells. Nimemupigia miye mwenyewe, akalia mpaka simu ikaanguka."

Adhuhuri daktari wa uchunguzi wa maiti alipiga simu. Hakuna dalili ya sumu, hakuna kukabwa. Ini limechoka. Mkubwa wa Gurmeet akamwambia afunge jalada. Bahasha ni karatasi.

"Mwizi gani anaiba karatasi halafu anamsitiri maiti?" Gurmeet akamjibu, akachukua koti.

Aliyelifuatilia jina la Olmedo alikuwa Bi Rupa, mkutubi mstaafu wa Harborne, mzaliwa wa Jinja, mwanamke wa kuwatafutia watu mababu zao kama wengine wanavyotafuta uyoga. Alimkalisha Gurmeet, akamwekea chai ya tangawizi bila kumuuliza.

"Sylvestre amekufa, na wewe unakuja na viatu vya polisi," alisema. "Uliza, bhai."

"Olmedo ni jina la wapi?"

"Ni mji. Kastilia, katikati ya Uhispania, pahali pa miti ya kivuli. Lakini sikiliza. Ukiwa mjini Olmedo hakuna anayekuita Olmedo, kwa sababu wote ni wa hapo. Unaitwa hivyo ukishaondoka, ukifika ugenini wakuulize umetoka wapi. Ni jina la aliyehama." Akakunja vidole. "Nimewakuta Sevilla. Halafu visiwa vya Kanari, wanalima miwa. Halafu Kuba. Na wa mwisho akaenda Kongo na bunduki na sanduku la dawa, akarudi kwao, akafa mzee. Nilipomsomea Sylvestre yote haya alilia. Akasema, Dada Rupa, kumbe sisi ni watu wa kuhama tangu zamani."

"Wewe uliyaamini?"

Rupa alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Kuna kitu kilinikera, nikakimeza. Wakuba wale kule milimani hawakutumia majina yao. Ilikuwa siri. Walipewa namba za Kiswahili. Moja, Mbili, Tatu, na kuendelea. Wanakijiji hawakujua majina yao ya kweli. Sasa mama yake Sylvestre alilijuaje?"

Francine alikaa ghorofa ya tatu Nechells, dirisha lake likitazama maghala ya zamani. Miaka sabini na miwili. Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, kilemba amevua, kama inavyompasa mfiwa.

"Karibu, chef wa polisi. Uketi kwenye kiti, miye niache hapa."

"Pole, Mama. Nina maswali machache tu."

"Uliza."

"Leo asubuhi uliamka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Ya maombi."

"Kisha?"

"Nikakaa."

"Yule Mkuba, kijijini mlimwitaje?"

"Olmedo. Wote tulimuita Olmedo."

"Mama. Walikuwa wakiitwa kwa namba."

Nje lori lilikuwa linarudi kinyumenyume, linalia.

"Yeye alikuwa namba ngapi?"

"Sita," alisema Francine, polepole sana. "Sita alikuwa munganga. Alimuponya mama yangu homa. Siku ya kuondoka akamuachia shati. Ndani ya kola palishonwa jina. Tulijua shati, chef. Mtu mwenyewe hata mkono hakumugusa mama."

"Na Sylvestre?"

"Kisha wao kwenda, walikuja askari wa serikali. Watatu. Miye nilikuwa chini ya kitanda, miaka kumi na mbili. Nilihesabu viatu."

Gurmeet alifunga daftari lake.

"Mama alimuzaa, akamunyonyesha, hakumwambia neno. Watoto wa kijiji wakamuimbia, mutoto wa hakuna. Siku moja alirudi analia, ana miaka mitano, makamasi mpaka hapa. Nikamufuta na lile shati. Nikamwambia, nyamaza, huyu ndiye baba yako. Akanyamaza. Ndiyo hiyo tu. Nilitaka anyamaze." Akajifuta uso kwa kiganja. "Leo nilienda kuchukua enveloppe. Nikakuta anakata roho. Nikamushika mpaka mwisho. Nikamufunga, nikamufumba. Halafu nikavunja droo nikamuacha peke yake, miye dada yake, kama mbwa."

"Ufunguo ulikuwa shingoni."

"Niliuona. Kumuibia shingoni sikuweza."

"Bahasha iko wapi? Umeichoma?"

"Nitachomaje jina lake?"

Alinyanyuka kwa shida, akafungua friza, akatoa pakiti nne za sombe ya majani ya muhogo iliyoganda. Chini yake ilikuwa bahasha, ndani ya mfuko wa nailoni, baridi kama jiwe.

"Chef, nakuomba. Azikwe na jina. Kisha unifunge."

Gurmeet akavaa glavu, akaigeuza bahasha. Akaisogeza dirishani.

"Mama, wewe uliifungua?"

"Miye nifungue ya nini? Ilivyo kwa droo ndivyo ilivyo."

Ilikuwa imechanwa juu kwa unadhifu, kisha ikafungwa tena kwa utepe mweupe wa hospitali, ule wa kushikizia sindano. Utepe ule aliuona asubuhi kando ya kitanda, na daftari la nurse lilisema sindano ilianza Jumatatu. Na ufunguo wa droo haukuwahi kutoka shingoni mwa Sylvestre; ni yeye tu angeweza kuifungua. Ndani, karatasi ilikuwa imekunjwa upya, maandishi nje, mkunjo uliopinda. Mstari wa chini ulikuwa mmoja: hakuna undugu.

Alimweleza taratibu, utepe, sindano, ufunguo. Francine alisikiliza kama anasomewa hukumu ya mtu mwingine.

"Jumatatu?" akauliza.

"Jumatatu au baadaye. Wewe ulimwona lini?"

"Mardi, Jumanne, nilikuwa naye mchana kutwa."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu. Aliniomba nimusimulie Mukuba, toka mwanzo. Akasema, taratibu, dada, usiruke kitu. Nikasimulia sanduku ya dawa, nikasimulia alivyomubusu mama kwa mkono. Akacheka pale pale anachekaga siku zote. Akasema, ilikuwa mutu muzuri, eh? Nikasema, muzuri sana."

Mkono wake ukaenda kinywani, ukabaki hapo. Gurmeet akaenda kuifunga friza iliyoachwa wazi.

"Kumbe ni yeye aliyekuwa ananinyamazisha miye," alisema Francine.

Gurmeet alimpigia Mireille aje. Hilo halikuwa na njia ya kukwepa. Bahasha ilikuwa yake sasa. Msichana aliisoma akiwa amesimama na koti lake, akaisoma tena, akamtazama shangazi yake pale mkekani. Kisha akavua viatu, akakaa chini kando yake, bega kwa bega.

"Sitaki kesi, Inspekta," alisema Mireille.

"Nitahitaji maelezo yako kwa maandishi. Na jina kamili la marehemu, kwa ajili ya jalada."

Francine aliinamisha kichwa, hakuthubutu kulitaja. Mireille akamshika kidole kimoja, kama mtoto anavyoshikwa kuvuka barabara.

"Mwambie, Tantine. Wewe ndiye ulimupa."

Mzee yule akalitaja lote, mpaka Olmedo. Gurmeet akaandika.