Bati la Namba la Mto Athi

Hakuna mtu Makueni nzima anayeujua Mto Athi kama mimi, Nthenya. Nimeuvuka ukiwa chini, nikauvuka ukiwa umejaa. Haya basi, nimeuvuka mara mbili tu, na zote nilikuwa mgongoni mwa mwanangu Nzioka, nimefumba macho, nimemshika masikio kama mtu anayeendesha punda.

"Mama, ukiyang'oa nitakusikiaje ukinitukana?" alikuwa akiniuliza.

Kazi ya Nzioka ilikuwa hiyo, kuvusha watu. Kivuko chetu kiko chini ya Kathonzweni, na ng'ambo ni Kitui. Hapo kivukoni watu wa idara ya maji walisimamisha nguzo, wakaipigilia bati jeupe lenye namba. Kwa bati hilo walijua wakati wa kuzima pampu ya maji ya sokoni kabla haijajaa matope. Wenye mashamba ya kingoni walijua wakati wa kuhamisha mbuzi. Nzioka naye alikuwa na sheria yake: maji yakifika namba mbili havuki mtu, hata awe chifu.

"Mto huu ni mjanja," alimwambia mwanawe Ndeti, aliyekuwa darasa la sita. "Mvua inanyesha huko juu, Machakos na Nairobi, na sisi hapa tunaota jua. Usiulize mbingu. Uliza bati."

Kila asubuhi Ndeti aliteremka kusoma namba, akamletea baba yake habari, akanywa uji na kukimbilia shule.

Mwaka wa 1997 ikaja ile mvua ya El Nino. Jumamosi moja ikaacha kidogo, Ndeti na rafiki yake Mwangangi wakaenda kuteleza kwenye mwamba. Wenzao waliteleza juu ya matawi. Mwangangi aliliangalia lile bati, akasema, "Hilo lingekimbia kuliko basi la Mombasa."

Misumari ilikuwa imelegea. Wakaling'oa. Waliteleza mpaka kaptura zikapasuka, na bati likajikunja kama sikio la tembo. Hapo wakaogopa. Ndeti akalificha chini ya ghala la mahindi.

Usiku mvua ikalowesha kingo zote, isijulikane maji yalifika wapi. Asubuhi mama mmoja akaita kutoka ng'ambo. Alikuwa na mtoto mgonjwa, anataka kuvushwa waende zahanati. Nzioka akateremka, akakuta nguzo tupu.

"Ndeti! Bati liko wapi?"

"Mto umelichukua, baba."

"Lini?"

Uongo ni kama mbuzi, ukifungulia mmoja wengine wanafuata. "Alfajiri," akasema Ndeti. "Niliona mwenyewe. Maji yalifunika nguzo, kisha yakashuka."

Nzioka akatabasamu. "Kumbe mafuriko yamepita tukiwa tumelala! Basi huu ni mkia tu." Akakunja suruali.

Mmeona? Mtoto alidhani anaficha kipande cha bati, kumbe amempa baba yake habari ya mto. Mafuriko hayakuwa yamepita. Yalikuwa njiani.

Nilikuwa nimesimama karibu na Ndeti. Nilimwona akifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Nzioka alikuwa katikati, maji kiunoni, tuliposikia mngurumo kama wa malori mengi. Aligeuka akatutazama. Halafu kukawa na maji tu, na gogo, na kofia yake ikizunguka.

Walimpata chini sana, penye mchanga.

Siku ya mazishi, wanaume waliokaa kando walianza maneno. "Nzioka alijiona," akasema jirani yetu Mutunga. "Alidhani mto ni punda wake. Kiburi kitupu."

Mutindi, mke wa Nzioka, alisikia, akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimeshapata tusi zuri la kumtupia Mutunga, lakini Ndeti alinitangulia. Aliinuka, akaenda ghalani, akarudi akiburuta lile bati, likipiga kelele juu ya mawe.

"Baba hakuwa na kiburi," akasema. "Aliniuliza mimi. Mimi nikamdanganya."

Mutindi alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, nami nikaogopa. Kisha akasogea kwenye mkeka, akamwachia nafasi. "Keti hapa," akamwambia. Wakalia pamoja, na sisi sote tukalia nao.

Mvua ilipoisha tulifanya mwethya, ile kazi ya pamoja ambayo mtu halipwi. Wanaume walivunja kokoto, wanawake tukabeba mchanga. Tukajenga nguzo ya saruji, namba zikachongwa humo humo, mtoto asipate la kutelezea. Mutunga alibeba saruji bila kuambiwa. Nilimwacha abebe.

Ndeti alirudia kazi yake ya kusoma namba. Maji yakifika mbili, alipaza sauti ng'ambo zote: "Mbili! Hakuna kuvuka!" Wenye haraka walimtukana. "Karani wa maji! Nani amekuandika?" Naye alirudia tu, "Mbili!"

Asubuhi moja tuliketi wawili pale kingoni. "Susu," akaniambia, maana kwetu nyanya ni susu, "ningesema kweli ningechapwa tu, sivyo?"

"Ungechapwa," nikamjibu. "Tena mimi ningekushika miguu. Halafu jioni mngekula pamoja, wewe na baba yako. Sikiliza, mjukuu wangu. Mtu akikuuliza, anataka kukanyaga pale utakapomwonyesha. Ukimwambia uongo umemchimbia shimo, hata kama wewe ulikuwa unaficha kibati tu. Kweli isemwe mapema, ingali na kazi. Ulisema yako ukiwa umechelewa, lakini uliirudisha heshima ya baba yako. Hiyo nayo nimeiona."

Akaitikia kwa kichwa. Tukautazama mto, pale ilipozungukia ile kofia.

"Na wewe, Susu, kila siku unakuja hapa kufanya nini?"

"Mimi? Nakuja kuteka maji. Nyumbani kwangu hakuna hata tone."

Ndeti akaangalia kulia kwangu, akaangalia kushoto.

"Mtungi uko wapi, Susu?"