Kiganja cha Fundi Vioo

Manzese mchana, singeli ya duka la simu inagombana na msumeno wa seremala. Nusaiba, baibui jeusi, mtandio rangi ya bizari, akasimama mbele ya kibanda cha fundi vioo.

"Kaka, unatengeneza tangi la samaki?"

"Hata la nyangumi, mrembo. Wako mkubwa kiasi gani?"

"Kama njiti ya kiberiti. Ana milia ubavuni."

Fundi mwenyewe, Twalib, jua lote lile kavaa shati la mikono mirefu, vifungo mpaka mwisho, akacheka. "Huyo si samaki, huyo mstari wa kalamu. Unamla na nini?"

"Simli. Namchunguza, niko maabara chuoni."

Akaacha namba ya simu. Kwa ajili ya tangi, eti.

Tangi lenyewe halikuzungumzwa tena.

"Watoto wetu hawajambo?" Twalib anapiga akifunga kibanda.

"Wametaga, bebi! Yai lao kama kioo, unamwona mtoto ndani, mpaka chembe za hisia zikiota."

"Zinaotaje?"

"Kila chembe inatoa uzi, unatambaa kutafuta ngozi. Ukifika, ngozi inaulisha, chembe inaishi. Usipofika, inakufa."

Twalib akakitazama kiganja chake cha kulia.

"Twalib?"

"Mtandao huu, mpenzi."

Mtandao ulikuwa mzima. Zamani kioo kilimkata kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Kidonda kilipona, kiganja kikabaki na ganzi. Nani atampa kazi ya vioo fundi asiyehisi? Na nani atampa binti? Ndiyo maana ya shati.

Siku moja wakala chipsi mayai pamoja, wakatembea mpaka kwenye ngazi za daraja la waenda kwa miguu. Wakati wa kuagana Nusaiba akampa mkono, na kwa kidole cha kati akamkuna kiganja. Nyie mnajua maana yake: nakutaka. Msichana akishafanya hivyo huomba ardhi immeze.

Twalib aliendelea kulalamikia penalti timu yake iliyonyimwa.

Bora angetukanwa. Nusaiba akaacha kupokea simu. Hakulia. Alifua, alikula, alilisha samaki. Hakusikia uchungu wala njaa, na kutosikia kitu nako kukamchosha. Twalib naye akajua tu: kaliona kovu. Akaacha kupiga.

Kumbe tangi alikuwa akilitengeneza; lilipokamilika alilipeleka mwenyewe Kiwalani, kwa kina Nusaiba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa unywe chai."

Mama akamimina chai inayochemka kwenye kikombe cha bati. Twalib akakikumbatia kwa kiganja cha kulia, akapiga stori za foleni. Nusaiba akatokea mlangoni, akaona vidole vinabadilika rangi na uso umetulia tuli.

"Kiweke chini! Unaungua, wewe!"

Twalib akautazama mkono kama wa jirani. "Aa. Kweli."

Nusaiba akamtumbukiza mkono kwenye beseni la maji, akamkunja mkono wa shati. Kovu hilo hapo.

"Tangu lini?"

"Kabla yako."

"Kwa hiyo siku ile darajani nilivyokukuna…"

"Ulinikuna?" Akatoa macho. "Mungu wangu. Mie nilikuwa naongea penalti!"

"Penalti nzima, Twalib! Mwanzo mpaka mwisho!"

"Nikajua umeona kovu, umenichoka." Akavigeuza vidole majini. "Hizo chembe zitarudi? Wewe si ndiye mtaalamu."

Nusaiba alikuwa na jibu tamu mdomoni. Akalimeza.

"Kwa samaki wangu za kwanza zinakufa, nyingine zinashika zamu. Wewe si samaki. Mkono umeshakaa miaka. Sitakudanganya, labda hazirudi."

"Haya." Hakuna kilichotikisika usoni.

"Nipe mkono. Huo hapana. Wa kushoto."

"Kushoto mbele ya mama yako? Nitaonekana sijafunzwa."

Mama, anayetafuta sukari iliyo mbele yake, akasema, "Mie sijaona kitu."

Akautoa. Nusaiba hakumkuna. Aliufinya kwa hasira ya siku zote zile.

"Aaaa! Unaniumiza, wewe!"

"Vizuri," akasema, na hakuuachia.