Mwezi Haujafa

Jumanne, tarehe 21 Oktoba 2025, ndiyo siku mambo yaliponiharibikia. Tulikuwa tunaokota korosho shambani kwetu, wilayani Ruangwa. Saa kumi na moja jioni binti yangu Marietha, mwenye mimba ya miezi minane, alishika kichwa.

"Baba, kinauma! Na macho yanaona ukungu."

Miguu yake ilikuwa imevimba. Lakini sikumpeleka zahanati. Kwetu tunasema mwezi ukifa, mjamzito asivuke njia panda mpaka uonekane tena. Mama yake alivuka siku kama hiyo, akiwa na uchungu. Hakurudi.

Hafidha, mhudumu wa afya wa kijiji, alisikia kilio chake, akaja mbio.

"Baba Marietha, hizi ni dalili za hatari. Zahanati, sasa hivi!"

"Mwezi umekufa. Unataka nizike wawili?"

"Umekufa? Nani kauzika?"

Akampigia simu Rashidy wa bodaboda. Halafu akanipa tonga, lile tunda gumu la mviringo.

"Kichwa chako ndiyo dunia. Tonga ndiyo mwezi. Nyoosha mkono nalo upande wa jua, ila jua usilitazame. Upande unaokuelekea ukoje?"

"Giza."

"Zunguka nalo taratibu."

Mwanga ukaanza pembeni, mwembamba kama kucha. Nikageuka zaidi, ukawa nusu. Nilipolipa jua mgongo na kuliinua tonga, liling'aa lote.

"Limefufuka?" Hafidha akauliza.

"Ni lile lile."

"Basi! Mwezi hauna mwanga wake. Jua linamulika nusu yake siku zote. Unatuzunguka; kutoka giza hadi giza ni kama siku ishirini na tisa na nusu. Leo uko upande wa jua, umetuelekezea giza. Wala haujui kama Marietha ana mimba."

"Baba," Marietha akalia, "nakufa mimi, siyo mwezi!"

Pikipiki ilipofika nikampandisha, Hafidha akamshika kwa nyuma. Nikafuata kwa baiskeli. Kwenye njia panda nilifumba macho, nikapita.

Zahanati walimpima, presha ilikuwa juu mno. Wakamchoma sindano, gari la wagonjwa likampeleka hospitali. Kesho yake alijifungua mtoto wa kike, mdogo, mwenye sauti kali. Wote wazima.

"Mngengoja mwezi, mngezika," nesi akaniambia.

Mwezi nimeusamehe. Lakini siku mama Marietha alipokuwa na uchungu, tulivuka salama, tukasubiri gari hilo la wagonjwa pale zahanati tangu asubuhi hadi akakata roho. Nimewauliza wakubwa wa afya wilayani, mmoja baada ya mwingine: siku ile nani alikuwa amelichukua?