Udongo wa Nyuma ya Zizi

Kila Jumamosi Chiriku alimjazia ng'ombe maji huku akipiga soga na yeyote aliyepita, hata kuku. Shangazi yake ndiye aliyempa jina hilo kwa mdomo wake usiopumzika. Jumamosi hii alikuwa kimya.

Wiki iliyopita bwana shamba alimpa vifuko akachimbe udongo sehemu mbalimbali za mteremko. Ukishapimwa, akili bandia iliyo kwenye simu yake ingekadiria kaboni iliyohifadhiwa ardhini, yaani mabaki ya majani na mizizi iliyooza, ambayo hushika maji na udongo. Kisha ingesema pa kufunika kwa mabua. Lakini mteremko ulikuwa mgumu kama chuma. Chiriku akajaza vifuko vyote nyuma ya zizi, penye udongo mweusi laini, akaenda kucheza.

Sasa bwana shamba alikuwa amekuja na jibu: mteremko una kaboni tele, usifunikwe. Shangazi alishangaa, lakini simu ni simu. Akaanza kufunga mabua mizigo mizigo, yawe chakula cha ng'ombe.

Chiriku aliutazama mteremko, mwekundu, mtupu kama kipara. Mawingu yalikuwa yakijikusanya. Mvua ikipiga pale, udongo wote mtoni, na mahindi yao ya msimu ujao.

Akashika sululu na vifuko vingine, akapanda.

Alichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge. Kaka yake alipita akamwuliza kama anatafuta dhahabu. Chiriku akaendelea kuchimba. Kifuko cha mwisho kilipojaa, alishuka moja kwa moja hadi kwa shangazi na bwana shamba.

"Shangazi, usimpe ng'ombe mabua. Ule udongo niliutoa nyuma ya zizi."

Shangazi akaiacha kamba. "Vifuko vyote?"

"Vyote. Wa mteremko ndio huu."

Bwana shamba akamimina kidogo kiganjani. Udongo mwekundu mtupu, hauna hata uzi wa mzizi. Alisema ataupeleka ukapimwe upya. Shangazi hakungoja. Alifungua mizigo, akamwita kaka mtu, wakatandaza mabua mpaka matone ya kwanza yalipowaangukia.

Mvua ilipokatika, walipanda kutazama. Udongo ulikuwa palepale.

"Ile simu haijawahi kushika jembe, mwanangu," shangazi alisema. "Inajua tunachoiambia tu. Ukiidanganya, nayo itatudanganya sisi, tena kwa adabu."

Chiriku akaitikia kwa kichwa.

"Haya. Kafukie lile shimo la nyuma ya zizi, kabla ng'ombe hajavunjika mguu."